Umeacha sigara lakini arosto haikuachi? Tafuta kwanza inatokea wapi

Mi ni fundi pikipiki hapa Urambo, mkoani Tabora, mvua zikianza nageuka mkulima wa tumbaku kama watu wengi wa huku, na nimevuta sigara miaka 17. Kuacha nimeacha mara tatu. Mara mbili za mwanzo nilirudi, na nikikaa nikikumbuka nilirudije naona zote mbili nilikuwa natibu ugonjwa ambao siyo, yaani ni kama mtu kaleta pikipiki inazimazima afu fundi anakimbilia plagi, anabadilisha, jamaa analipa anaondoka, kufika mtaa wa pili imezima tena, kumbe tenki lina maji. Plagi haikuwa na kosa lolote.

Arosto ya sigara, yaani ile hamu na mateso ya kuacha, ndo iko hivyo. Tunaipa jina moja lakini inatokea sehemu nyingi, na kila sehemu ina dawa yake. Siku ya nne umeamka umevurugika, unasema mwili unadai, unaupa sigara, kumbe ulikuwa na njaa tu, au kahawa imekuzidi, au (hii ni yetu sisi wa Urambo na Kaliua na Sikonge) majani mabichi ya tumbaku yamekulewesha. Sasa ngoja niandike kama ninavyoandikaga kwenye daftari la gereji, dalili, chanzo, na unafanyaje. Hazina mpangilio maalum, nenda kwenye inayokusumbua.

Kwanza ujue mashine inavyofanya kazi

Ukivuta moshi, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Ni haraka mno. Ila inaondoka haraka pia, kila baada ya masaa mawili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, ndo maana mvutaji wa kutwa anawasha kila baada ya muda mfupi, watu wanadhani ni starehe, jamaa anajaza tenki linalovuja. Ukiacha dalili zinaanza siku hiyo hiyo, siku ya pili na ya tatu ndo kilele, kisha zinashuka taratibu kwa wiki tatu nne. Kwa hiyo mtu wa siku tatu na mtu wa miezi mitatu hawaumwi kitu kimoja hata kama wote wanasema "nina arosto". Wa siku tatu mwili wake kweli unadai nikotini. Wa miezi mitatu mwili ulishasahau, anachosikia ni mazoea, yaani sehemu fulani, saa fulani, mtu fulani, harufu. Ukichanganya hawa wawili ndo unakuta mtu wa miezi mitatu anakata tamaa anasema "mi nimezaliwa hivi, haiwezi kuisha", wakati yake ilishaisha zamani, alichobaki nacho ni kijiwe tu.

Dalili: hamu inapanda ghafla, mate yanajaa, huwezi kufikiria kitu kingine

Angalia saa. Sitanii, toa simu uangalie saa. Hamu ya namna hii inakaa dakika tatu mpaka tano, mara chache inafika kumi, afu inashuka yenyewe uvute usivute. Mimi sikuamini mpaka nilipopima kwenye simu, siku ya pili nilihesabu mara 14, na ndefu kuliko zote ilikuwa dakika saba, na hiyo ni kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi sina mteja naiangalia tu kama mtu anayesubiri treni.

Kosa tunalofanya ni kubishana nayo. Unajiambia sivuti, sivuti, sivuti, na kila ukisema sivuti umeitaja sigara. Usibishane, we iache ipite. Simama, toka hapo ulipo, kunywa kikombe cha maji polepole, jaza upepo tairi la mtu, piga simu kwa dada yako ambaye hamjaongea mwezi mzima. Dakika tano zinaisha kabla dada hajamaliza kulalamika.

Mikono haijui pa kukaa, mdomo unatafuta kitu

Hii watu wanaidharau. Nilikuwa navuta sigara 15 kwa siku, kila moja tuseme pafu kumi, hiyo ni mara 150 kwa siku mkono unaenda mdomoni, zidisha kwa miaka 17 uone. Huwezi kuutoa mkono kazini ghafla bila kuupa kazi nyingine.

Dawa yangu ilikuwa matobolwa. Kwa wasio wa huku, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama ngozi ya kiatu, kimoja unaweza kukitafuna robo saa nzima, na kina utamu wake wa taratibu. Niliweka kwenye kopo la grisi (jipya jamani, nimeliosha) pale juu ya boksi la spana. Karanga pia zinafaa ila za kubangua mwenyewe, siyo zilizobanguliwa, maana kazi ya vidole ndo dawa. Karanga na Urambo ni habari ndefu, Waingereza walileta mradi wao mkubwa wa karanga 1947, ukafa 1951, tumbaku ndo ikashika mashamba. Kwa hiyo mi nikitafuna karanga badala ya kuvuta naona kama narudisha historia nyuma kidogo. Bigijii na pipi kifua sawa tu, ila pipi kutwa nzima meno yatakudai.

Dalili: asubuhi ndo mbaya kuliko muda wote

Usiku kucha hukuvuta kwa hiyo nikotini imeshuka chini kabisa, hiyo ni kwa siku za mwanzo. Lakini kuna jambo lingine ambalo watu wanaona aibu kulisema, wengi wetu ile ya asubuhi ilikuwa ndo ufunguo wa choo. Unawasha, pafu tatu, unaenda. Nikotini inachokonoa utumbo kweli, siyo imani tu, na ukiacha utumbo unazubaa wiki moja mbili, unakaa na tumbo limejaa unasikia vibaya unasema hamu ya sigara. Siyo hamu, ni choo kigumu. Maji ya uvuguvugu ukiamka, papai, mlenda wa kutosha, tembea kidogo. Na ubadilishe ratiba ya asubuhi, kama ulikuwa unavutia kwenye kigoda nyuma ya jiko basi kile kigoda kiondoe, kunywa uji upande wa mbele.

Dalili: moyo unakimbia, mikono inatetemeka, usiku macho makavu

Kila mtu atakwambia ni arosto. Inawezekana, lakini niulize, unakunywa kahawa ngapi?

Moshi wa sigara una vitu vinavyofanya ini livunje kafeini haraka kuliko kawaida. Ukiacha, ini ndani ya siku chache linarudi kwenye mwendo wake, sasa we unaendelea na vikombe vyako vile vile kijiweni, lakini kafeini kwenye damu inaweza kufika karibu mara mbili ya zamani. Unatetemeka, una wasiwasi ambao huujui umetoka wapi, usingizi hakuna, na ukiwa hivyo akili inakumbuka kitu kimoja kilichokuwa kinakutuliza. Mara yangu ya kwanza nadhani ndo iliniangusha hii. Nilijiambia nimeacha sigara basi nijipoze na kahawa na kashata, nikawa napiga vikombe nane, siku ya sita nikavuta.

Kata nusu. Ulikuwa unakunywa sita kunywa vitatu, na kuanzia saa kumi jioni usiguse tena. Kama kahawa na sigara kwako ni mapacha basi wiki mbili hizo kunywa chai ya tangawizi, na kaa upande mwingine wa kijiwe, wasiovuta wapo, tulikuwa hatuwaoni tu.

Hapo hapo niseme, ini hilo hilo linashughulika na dawa pia. Kama unatumia aminofilini ya pumu, au klozapini ya matatizo ya akili, au unachoma insulini ya kisukari (hii siyo habari ya ini, ila sigara inaigusa pia), mwambie daktari wako kwamba umeacha sigara maana dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa. Siyo jambo la kujipangia mwenyewe.

Dalili: kichefuchefu, kizunguzungu, jasho la baridi, na umetoka kuchuma tumbaku

Hii sijaiona ikiandikwa mahali kwa lugha yetu kwa hiyo ntakaa nayo.

Miaka yote nilipokuwa navuta nilikuwa naingia shambani alfajiri, umande umejaa, unachuma jani unalibana kwapani, likijaa unapeleka, shati lote mpaka kiunoni limelowa maji ya kahawia, na sisikii kitu. Msimu wa kwanza baada ya kuacha, ilikuwa Februari, mvua ilinyesha usiku, nikaingia kama kawaida. Saa nne asubuhi dunia ikaanza kuzunguka. Nikakaa kwenye tuta, jasho jembamba, mate yanajaa, nikatapika uji wote. Jamaa tuliokuwa tunachuma naye akanionea huruma kabisa, akasema "kaka, huo ni mwili unadai, miaka 17 si mchezo, vuta mbili tu utulie", akanipa.

Sikuvuta, lakini siyo kwa ujasiri, nilikuwa natapika tu hata ningeitaka isingeingia.

Baadaye nikaja kuelewa, ilikuwa kinyume kabisa. Nikotini haikuwa pungufu mwilini, ilikuwa imezidi. Jani bichi likilowa na umande au mvua, nikotini inayeyuka kwenye yale maji na inapita kwenye ngozi, na nguo iliyolowa ikikaa mwilini ni kama umejifunga bandeji ya tumbaku kutwa nzima. Mvutaji haumwi sana kwa sababu mwili wake umeshazoea sumu hiyo kila siku. Ukiacha, mazoea yanaondoka, unakuwa kama mtoto wa shule aliyeingia shambani mara ya kwanza. Kwa hiyo nimefunga mlango wa mdomo, wa ngozi nimeuacha wazi, afu mtu anataka kunitibu kwa kuniongezea ile ile.

Unafanyaje. Usichume na umande, subiri jua likaushe majani, na kama ilinyesha subiri zaidi, najua mwenye shamba atakuangalia vibaya. Vaa mikono mirefu na glavu, na kama hamna namna lazima muingie na maji basi vaa koti la mvua, hata mfuko wa mbolea uliotobolewa shingo na mikono unasaidia, ila uoshwe kwanza. Nguo ikilowa ibadilishe hapo hapo, usisubiri ikaukie mwilini. Ukitoka oga kwa sabuni kabla hujashika chakula au mtoto. Ikishakukamata toka shambani, vua, oga, kunywa maji kidogo kidogo, kaa kivulini, kawaida inaisha ndani ya siku moja mbili. Ukitapika mfululizo, ukakosa nguvu au pumzi ikawa nzito, zahanati, na uwaambie waziwazi "nimetoka kuchuma tumbaku mbichi", maana dalili zake zinafanana na sumu ya dawa za kupulizia na usiposema watapoteza muda wanatafuta malaria. Watoto na mama mjamzito hawatakiwi kabisa kwenye kazi hiyo, lakini hilo ni la kuandikia siku nyingine maana nikianza sitamaliza.

Hamu ya usiku kwenye bani

Nilirudi mara ya pili hapa, kwa hiyo naisimulia bila kujificha.

Bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, ukishaijaza moto hauzimwi siku tano mpaka saba, usiku na mchana, na lazima mtu akeshe, joto likishuka jani linaharibika, likipanda ghafla linaungua, msimu mzima unaupoteza kwa usingizi wa saa moja. Nilikuwa na mjomba wangu. Usiku wa tatu, saa tisa hivi, majani ndani yameshageuka manjano na ile harufu imeanza kutoka, wanaoijua wanaijua, tamu kama asali imemwagika kwenye nyasi kavu. Mjomba akachukua jani lililoanguka mlangoni, kavu, akalisugua kiganjani, akachana gazeti, akasokota, akawasha kwa kijinga cha moto wa tanuru. Hakusema kitu muda mrefu. Afu akaninyooshea.

"Shika mjomba, usingizi utakuangusha kwenye moto."

"Nimeacha mjomba."

"Umeacha za dukani. Hii tumelima wenyewe."

Nikacheka, na nikiwa bado nacheka nikaipokea. Miezi minne ikaishia pale, na kesho yake nilikuwa dukani kununua pakiti.

Sasa tuichambue kifundi. Hamu ile haikuwa moja, zilikuwa nne zimepandana. Usingizi, kwanza, mtu aliyekesha hana nguvu ya kukataa hata maandazi ya juzi. Njaa, tulikula saa moja jioni. Harufu, ambayo kwangu imefungwa na kuvuta tangu nikiwa kijana. Na mjomba, yaani heshima, mtu mzima kakunyooshea kitu kwa mapenzi, unaona kukataa ni kumkataa yeye. Kati ya hizo nne nikotini haipo hata moja, miezi minne mwili ulishamaliza madai yake.

Msimu uliofuata nilizitibu moja moja. Zamu, nikamwambia mjomba tugawane usiku, yeye mpaka saa nane mimi mpaka asubuhi, kwa hiyo nalala kidogo na pia hatukai pamoja muda mrefu. Chakula, sufuria ya viazi inawekwa kwenye majivu pembeni ya tanuru, saa tisa usiku kimeiva. Harufu huwezi kuitoa, ila unaweza kukaa upande upepo unakotoka. Na mjomba nilimfuata mchana, siyo usiku, nikamkalisha, nikamwambia mjomba mimi kifua changu hakiko sawa, naomba unisaidie, ukiniona nataka ninyime. Kumpa mtu mzima kazi ya kukulinda ni tofauti sana na kumkatalia. Akaichukulia siriasi mpaka akawa anawafukuza wavutaji wengine karibu na bani yetu, wakati mwenyewe anatoa moshi puani.

Kama unalima, ushauri wangu wa wazi ni usipange kuanza kuacha katikati ya mavuno. Mi mara ya tatu nilianza Agosti, mashamba meupe, bani zimepoa, kitalu bado, nikapata miezi mitano ya kujipanga kabla harufu haijarudi. Ila usiitumie hii kama kisingizio cha kusogeza mpaka mwakani na mwaka mwingine. Kama leo ndo una nia, acha leo.

Dalili: hasira, kila mtu anakukera, au huzuni isiyo na sababu

Kemia tu, wiki mbili tatu inapungua. Waambie watu wa nyumbani mapema na uwape tarehe. Nilimwambia mama watoto, "wiki mbili hizi ntakuwa kama mbwa wa kufungwa, ukiona nabweka usinijibu". Akaniuliza, "kwani zamani ulikuwaje?"

Ila kuna huzuni nyingine, ile ya mtu kutotoka kitandani, hataki kula, anawaza kujidhuru. Hiyo siyo ya kusubiri ipungue, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Kula kula hovyo

Nikotini ilikuwa inazima njaa, sasa njaa imewashwa na ulimi nao umeamka, chakula kina ladha. Wengi wanaongezeka kilo nne tano mwaka wa kwanza. Mi niliongezeka sita na nikapendeza, msinisumbue. Cha muhimu ni usiruke mlo, maana njaa ya saa nane mchana inafanana na arosto mpaka utashangaa, kula kwanza afu ujiulize tena kama bado unataka sigara.

Kikohozi kimezidi baada ya kuacha

Inawatisha watu mpaka wanarudi, "nilivyokuwa navuta sikohoi hivi". Kwenye njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo vya kufagia uchafu, moshi ulikuwa umevilaza, sasa vimeamka vinafagia, makohozi yanatoka. Wiki kadhaa inatulia. Maji ya moto na asali, asali Tabora haijawahi kuwa tatizo.

Lakini mvutaji wa miaka mingi usijidanganye na vinyweleo. Kikohozi kikifika wiki mbili nenda ukapime TB, kupima na kutibiwa ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukikohoa damu, ukikonda, ukitoka jasho la usiku, au kifua kikibana, hata hizo wiki mbili usizisubiri.

Unaota unavuta, unaamka na majuto

Kawaida kabisa. Hukuvuta. Amka ukanawe uso.

Umebadilisha badala ya kuacha

Jamaa anakwambia nimeacha sigara miezi miwili, na mdomo wa chini umetuna, kaweka kuberi, tumbaku ya kubana mdomoni. Mwingine ugoro. Vijana wa mjini Tabora shisha. Ndugu yangu, nikotini ni ile ile umebadilisha tu mlango, arosto haiwezi kuisha wakati unailisha, na ugoro una saratani zake za mdomo. Hapa mi sina lugha ya kubembeleza.

Tofauti ni dawa za nikotini zenyewe, bigijii za dawa na zile plasta za kubandika. Hizo zinakupa nikotini kidogo bila moshi na unapunguza mpaka unaacha. Shirika la Afya Duniani lilizitia kwenye orodha ya dawa muhimu 2009, na 2021 likaongeza vidonge, bupropioni na vareniklini, ambavyo ni vya kuandikiwa na daktari. Huku kwetu ulizia famasi kubwa za Tabora mjini kabla hujasema hazipo. Ukipata ile bigijii usiitafune kama bigijii ya kawaida, tafuna taratibu mpaka isikike kama pilipili, ipumzishe kati ya shavu na ufizi, ikipoa tafuna tena, kama nusu saa hivi, na usiinywee soda wala kahawa haitafanya kazi. Wengi waliosema "haisaidii, imenipa kwikwi" waliitafuna na kumeza mate yote.

Pombe

Miezi mitatu ya kwanza kaa mbali nayo, hasa wanzuki ya jioni kilabuni. Sina cha kuongeza. Sijaona mtu aliyelewa akapima dakika tano kwenye simu.

Miezi sita, mwaka, ulishasahau, afu inarudi kwa nguvu

Mara nyingi inakuja siku ya furaha. Huku ni siku chama cha msingi kinalipa hela za tumbaku, watu wamevaa mashati mapya, mtu anachinja mbuzi, na akili inakwambia umeteseka mwaka mzima, moja ya kujipongeza haina neno. Hiyo siyo mwili, narudia. Ni ubongo unakumbuka kwamba zamani furaha ilikuwa na moshi pembeni. Dakika zake ni zile zile tatu mpaka tano. Mi siku ya malipo nabeba mwanangu wa mwisho mabegani kuanzia asubuhi, mikono yote miwili imeshika miguu yake, na hakuna mtu anayekunyooshea sigara ukiwa na mtoto kichwani.

Umeshateleza, umevuta moja

Moja ni moja. Kilichoniua mimi baada ya bani siyo ule msokoto wa mjomba, ni ile kauli ya kesho yake, "si nimeshaharibu". Pakiti ndo ilinirudisha. Kwa hiyo ukiteleza toa zilizobaki, zivunje, afu andika mahali, kwenye simu au ukutani, ilikuwa saa ngapi, na nani, ulikuwa umekula, ulikuwa umelala. Ukiziandika mara mbili tatu utaona zinafanana, na hapo ndo penye tundu la tenki.

Mkono unaenda mfukoni

Hii ya mwisho bado ninayo, mwaka wa tatu sasa. Nikimaliza kufunga injini, ikawaka, mkono wa kulia unapanda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Hamu hamna kabisa, ni mkono tu. Mama watoto aliwahi kuushona ule mfuko ukafungwa, mkono ukawa unakwaruza kitambaa kama kuku, tukaufumua. Sasa naweka spana namba 10 humo. Mkono ukifika unaikuta, unaishika, unarudi nayo. Na ile spana miaka yote ndo ilikuwa inapotea gereji kila siku.